Siku Tatu za Kungoja Gorila

Nilikuwa mpishi wa muzungu mmoja mwenye ng'ombe juu ya vilima vya Mushaki, na kazi hiyo niliifanya miaka mingi bila kugombana na mtu. Watu walionifahamu wakati ule wangekuambia kwamba mimi ni mtu wa kuaminika. Nilisoma kwa mapadri. Nilijua Kifaransa cha kutosha kusimama karibu na meza nikaelewa wageni wanacheka nini, na Jumapili nilivaa viatu. Haya ninayoyaeleza yalifanywa na mtu huyo, akiwa na akili zake zote.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mdogo wake bwana alifika kutoka Ulaya pamoja na mke wake, kuja kutembea. Walitaka kumwona gorila porini kwa macho yao, tena walitaka kulala katika hema na kula chakula cha wenyeji, kwa sababu walisema chakula cha makopo wanacho kwao. Bwana aliwaazima kamioneti yake, gari dogo la mizigo, akawaazima na mimi pia: niwapikie, na niwasemee, maana wao hawakujua neno hata moja la Kiswahili. Kihunde changu na Kinyanga cha watu wa Walikale ni lugha za mama mmoja. Mtu akisema polepole, tunaelewana.

Mke wangu alikuwa amekwenda kwa mama yake kungojea kuzaa. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa amekufa siku ileile aliyozaliwa, mimi nikiwa jikoni kwa bwana napiga mayai ya keki. Safari hii nilimwahidi kwamba nitakuwa pembeni yake. Nilimwambia: Jumapili jioni utaniona mlangoni.

Tulipita Masisi, tukashuka vilima vya maharagi na mihogo mpaka baridi ikaisha na miti ikaanza kufunga njia. Barabara ilipokuwa tope tupu tuliacha gari kwa kapita, msimamizi wa kijiji kimoja, akatutafutia wapagazi, tukatembea kutwa nzima. Mimi ni mtu wa vilima. Nimezoea kuona mbali. Mle msituni niliona mgongo wa aliyenitangulia na matone yanayoanguka kutoka kwenye majani hata mvua ikiwa imekwisha kunyesha, na nilichukia kila hatua.

Kijiji tulichofikia kilikuwa cha nyumba chache, na mwenyeji wetu alikuwa mwindaji wa rika langu, mfupi, mwenye kifua kipana, asiyependa kusema sana. Alivaa medali ya Bikira Maria shingoni. Lakini kila alipoingia msituni alikata kipande cha ndizi ya kuchoma, akakiweka juu ya jani chini ya mti fulani, kwa ajili ya baba zake. Aliniona namtazama, akaniomba nisimwambie padri. Nikamwambia sitasema. Ahadi hiyo niliitimiza.

Siku mbili za kwanza alituonyesha mambo ambayo mimi, mzaliwa wa mlima wa jirani, sikuwahi kuyaona. Hondohondo walipita juu yetu, mabawa yao yakivuma kama mtu anayefagia uwanja. Tuliona kima wenye ndevu nyeupe, na nyayo za tembo zilizojaa maji, na vyura wadogo ndani ya maji yale. Alituonyesha vitanda vya gorila, matawi yaliyokunjwa na kukaliwa, akaingiza mkono ndani kupima joto. Siku ya pili mchana alitukalisha kwenye ukingo wa bonde, akatuambia tusiseme. Ng'ambo ya pili tukawaona: jike mmoja akivuta majani kwa mkono kama mama anayechuma sombe, majani ya mihogo, wadogo wawili wakivingirishana, na dume kubwa, mgongo wake wa rangi ya majivu. Madamu, mke wa mgeni wangu, alilia bila sauti. Hata mimi niliacha kufikiria tope.

Lakini mgeni wangu alikuwa na mashine ya kupiga picha, na ng'ambo ya bonde ni mbali. Alitaka karibu.

Kuhusu chakula, hapo ndipo ubaya wangu ulipoanzia, ingawa ulianza kwa jambo dogo. Jioni ya kwanza nilipika supu ya viazi vyetu vya Masisi, na kimanda cha mayai, kama nilivyofundishwa. Mke wa mwindaji naye alileta chakula chake: ndizi zilizopondwa, uyoga uliopikwa ndani ya majani pamoja na mafuta ya mawese, samaki wadogo wa kijito, na viwavi vya kukausha vilivyokaangwa na chumvi. Madamu alionja uyoga ule, akafumba macho. Akaketi chini kwenye mkeka karibu na yule mama, akala kwa vidole, huku supu yangu inapoa mezani na kufanya ngozi juu. Alimwomba amwonyeshe jinsi ya kufunga jani. Walicheka pamoja, bila lugha, bila mimi.

Nilikuwa mpishi aliyesifiwa mpaka Goma. Nilisimama pale na kitambaa changu begani kama mtu aliyesahauliwa harusini.

Jioni ya pili madamu alikuwa anakula vile viwavi kwa furaha, akaniuliza ni vya mti gani. Nikamjibu kwa Kifaransa kwamba vinaokotwa kwenye mizoga. Alivirudisha juu ya jani taratibu, akanawa mikono. Mke wa mwindaji akaniuliza kulikoni. Nikamwambia ameshiba. Yule mama alinitazama kidogo, kisha akatazama jani, akaliondoa.

Mwanamke yule alikuwa ameamka alfajiri kwenda kuomba viwavi vile kwa dada yake, maana kwake vilikuwa vimekwisha. Hilo nililijua wakati ninasema.

Baadaye jioni hiyo mvua ilipiga, na mimi na mwindaji tukakaa chini ya paa lake, na kasiksi kidogo kati yetu. Pombe ile ya ndizi ilimfungua mdomo. Alinieleza kwamba miaka ya nyuma dume moja la gorila liliharibu migomba yake yote, akalichoma mkuki likafa. Habari ikafika kwa wakubwa wa teritwari, yaani wilaya, maana ilikuwa imekatazwa kumuua gorila. Wakamfunga buloko miezi minne. Alichapwa kila asubuhi mbele ya wafungwa wengine, na aliporudi nyumbani alikuta mama yake amekwisha kuzikwa. Aliniambia kwamba hakuna mnyama anayemwogopa, ila buloko anaiogopa mpaka kwenye ndoto. Alinieleza hivyo kwa kuwa mimi pia ni mtu mweusi, tena mkristo, tena tulikunywa kibuyu kimoja.

Kulipokucha, mgeni wangu aliniambia nimuulize mwindaji kama leo tunaweza kufika karibu kabisa. Nikauliza. Mwindaji alikuwa ananoa panga lake.

"Leo hapana," akasema. "Kule chini iko jike aliyezaa juzi. Ile dume haitaki muntu karibu. Tungoje siku tatu. Watapanda juu wenyewe kutafuta majani, njo tutawaona vizuri, bila matata."

Siku tatu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Nilimwona mke wangu amelala kwa mama yake, akitazama mlango. Niliona pia siku tatu zaidi za tope, na za yule mama na majani yake. Ningependa kusema ni mke wangu tu niliyemfikiria, lakini sivyo ilivyokuwa, na nimejiuliza mara nyingi ni kipi kilichonisukuma zaidi, nikaogopa jibu.

Mgeni wangu alikuwa anangoja, ana utulivu, kikombe cha kahawa mkononi. Alikuwa mtu mpole. Kama ningemwambia siku tatu, angekubali siku tatu.

Nikamwambia kwa Kifaransa: "Anasema leo ni sawa, Bwana. Tuondoke mapema."

Akafurahi, akaingia hemani kuchukua mashine yake. Kisha nikamgeukia mwindaji. Nilijua hatakwenda kwa kuombwa. Nikamwambia muzungu amekasirika. Anasema hana siku tatu, na kama hutaki kumpeleka leo, atakwenda kwa mkubwa wa teritwari aseme wewe bado unaua gorila.

Aliacha kunoa. Alimtazama mgeni, ambaye wakati huo alikuwa anatoka hemani akicheka na mke wake. Sijui alifikiria nini juu ya kicheko kile. Aliingia ndani ya nyumba yake, nikasikia sauti ya mke wake ikipanda, kisha ikanyamaza. Alipotoka alikuwa na mkuki wake na kipande cha ndizi.

Madamu alibaki kambini kwa sababu miguu ilimvimba. Tulikwenda sisi watatu. Mwindaji alitembea mbele, na kila baada ya muda alisimama kunusa. Tulipokaribia alituonyesha kwa mkono tuiname, tusikimbie hata likitokea nini. Neno hilo nililitafsiri sawasawa.

Hatukuliona dume mpaka lilipolia. Sauti ile sijaisikia tena maishani. Lilitokea kwenye majani mbele yetu likiwa limesimama, likapiga kifua, likaanguka mbele na kuja. Mwindaji aliinama, akatazama chini. Nami nikainama. Mgeni wangu alikimbia. Simlaumu, nani asingekimbia. Dume likapita kando yangu likimfuata, na mwindaji akaruka akasimama katikati, mkuki mkononi. Nafasi ya kuchoma alikuwa nayo. Niliona kifua cha mnyama wazi mbele yake. Akaushusha mkuki, akanyoosha mkono wa kuume kama anayemzuia mtu mlangoni.

Likamuuma mkono ule juu ya kiwiko, likautikisa, likamwacha, likarudi kwa wenzake. Yote yalikwisha kabla sijamaliza kusema Salamu Maria moja.

Tulimfunga jeraha kwa shati langu. Wanaume wa kijiji walitengeneza kipoyi cha fito na blanketi, wakambeba kutwa na usiku mpaka kwenye gari, mke wake akitembea pembeni. Hakulia. Mara moja tu alimwambia mume wake, mimi nikisikia: "Nilikuambia ukubali buloko."

Njiani mgeni wangu aliniuliza, akiwa amepauka usoni, kwa nini mtu yule alitupeleka kama palikuwa na hatari. Gari lilikuwa linapanda Masisi wakati huo, na mwindaji alikuwa nyuma, juu ya magodoro yetu, kichwa chake kwenye mapaja ya mke wake. Bado palikuwa na nafasi ya kusema. Nikajibu kwamba watu wa msituni hujifanya wanajua kila kitu.

Tulimfikisha hospitali, Kirotshe, kando ya ziwa. Wakamtibu vizuri, wakaokoa uhai wake, lakini mkono ulikuwa umekwisha kuoza, wakaukata juu ya kiwiko. Mgeni wangu alikwenda kumwona mara mbili. Alimpelekea blanketi na sukari. Mara ya pili alisimama miguuni pa kitanda akasema maneno mengi, machozi machoni, na mwindaji akaniuliza muzungu anasema nini. Alikuwa anamwomba msamaha, na kumshukuru kwa kumwokoa. Nikamwambia anasema pole. Niliogopa kwamba wakianza kusemezana kwa wema, watafika kwenye lile neno langu.

Wageni walirudi kwao. Mke wangu alizaa siku kumi na moja baada ya Jumapili ile, mtoto wa kike, mzima. Siku zile tatu zingetosha na nyingine zingebaki.

Nilikwenda Kirotshe kila juma, mpaka alipotoka. Nilimpelekea maharagi, viazi, maziwa. Alikula kidogo kwa heshima. Mke wake aliniita kaka na kunikunjulia mkeka wake nikae, na aliwaambia wagonjwa wengine kwamba mimi ni mtu wa Mungu, nakuja kutoka mbali. Nilikaa kwenye mkeka ule. Wagonjwa walinisalimu kwa heshima nami nikawaitikia.

Miaka minne ilipita. Niliungama kwa padri, naye akanipa sala, akaniambia pia sala hazitoshi, niende kwa mwenyewe. Nikasema nitakwenda baada ya Pasaka. Kisha baada ya mavuno. Binti yangu alianza kutembea, akaanza kusema, akaanza kuuliza maswali, na siku moja aliniuliza kwa nini sili uyoga. Juma lililofuata nikaomba ruksa kwa bwana, nikapanda lori la mihogo.

Nilimkuta uwanjani, anasuka mtego kwa mkono mmoja na meno. Alifurahi kuniona. Alimwita mke wake alete maji. Nikaona kwamba nikiyanywa maji yale sitasema tena, basi nikasema nikiwa bado nimesimama, mzigo begani, yote: siku tatu, nilichomwambia muzungu, nilichomwambia yeye.

Aliutoa uzi wa mtego mdomoni. Kisha akasema nirudie, mke wake asikie. Yule mama akaja na maji. Nikarudia.

"Muzungu hakusema buloko?" akauliza mwindaji.

"Hakusema."

"Hata neno moja?"

"Hakuna hata neno moja, Papa. Ningemwambia siku tatu, angengoja."

Alitazama mtego mikononi, yaani mkononi. "Basi," akasema, "siku ile nilikuwa na ruksa ya kukataa."

Mke wake aliweka maji chini. Hakunitazama mimi, alimtazama mume wake. "Miaka mine namulaumu huyu," akasema. "Kila nikipasua kuni, namuambia: ungekataa. Kila siku. Ye ananiambia, singeweza." Akakaa chini palepale, akafunika uso kwa kitambaa chake, na mwindaji akasogea, akamwekea mkono mgongoni. Mimi nilisimama pembeni yao. Sikuwahi kufikiria kwamba uongo wangu ulikuwa umeingia mpaka ndani ya nyumba, unakula nao kila siku.

Kaka yake yule mama alipopata habari alikuja na fimbo. Mwindaji alimzuia. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza. Alisema tu kwamba ulikuwa wakati wa kukata shamba jipya, na tangu apoteze mkono, shamba lake linakatwa na wakwe zake wakimaliza lao, na huchelewa, na migomba yake hupandwa nyuma ya majira.

"Una mikono miwili," akaniambia. "Shoka iko pale."

Nilikata siku tisa. Mikono yangu ilikuwa ya jikoni. Siku ya pili ngozi ilitoka viganjani, nikafunga matambara. Alikuja kila asubuhi kukaa juu ya gogo, akinionyesha kwa mkono wa kushoto upande wa kuanzia, mti utaangukia wapi, nisimame wapi nisife. Hatukuongea mambo mengine. Chakula nililetewa shambani, ndizi na sombe, kimewekwa juu ya jani na kuachwa. Aliyekileta alikuwa amekwisha kuondoka nilipogeuka. Nilikula chote kila siku.

Siku ya tisa homa ilinishika, na ruksa yangu kwa bwana ilikuwa imekwisha siku mbili nyuma. Nilimwambia nitarudi mwezi ujao kumalizia. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia mvua imenyesha kijiji cha mbali. Alinisindikiza mpaka kwenye kijito, akanionyesha mahali pa kuvukia, akarudi.

Mwezi uliofuata bwana alikuwa na wageni. Ule mwingine mke wangu aliugua. Baadaye nchi ikaingia mambo yake, uhuru na vita, barabara ya Walikale ikawa si ya kupita mtu kwa raha, na baada ya miaka nikasikia kwa mchuuzi wa mawese kwamba yule bwana mwenye mkono mmoja amefariki. Nilimuuliza kama alikuwa na shamba. Akanishangaa, akasema kila mtu kule ana shamba.

Shambani mwake, upande wa kijito, niliacha miti kumi na minne imesimama. Sijui aliyeikata.